Ukiambiwa Una Homa ya Ini, Uliza ni Aina Gani

Anayepokea majibu ya maabara na kuambiwa kwamba ana homa ya ini aulize kwanza ni aina ipi, kwa sababu jina hilo hubeba maradhi yanayoletwa na virusi vitano tofauti, A, B, C, D na E, na tahadhari inayofaa kwa kimoja huenda isisaidie lolote kwa kingine. Mimi ninaishi na aina ya B. Jamaa zangu walipopata habari walinitengea kikombe na sahani, wakiwa na nia njema kabisa, lakini hakuna aliyefikiria wembe wala aliyekwenda kupima.

Hofu ya vyombo inahusu zaidi aina ya A na E, ambazo hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia mdomoni kupitia maji, chakula au mikono isiyonawiwa. Kwa kawaida hupona zenyewe baada ya wiki au miezi michache. Hata hivyo, E huweza kumuua mjamzito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, kwa hiyo akionekana na macho ya manjano apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Aina ya B hupita katika damu na majimaji ya mwili, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kirusi chake hudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na ndiyo sababu nyembe, miswaki na vikatia kucha havishirikiwi, ilhali kula pamoja na kukumbatiana hakuna ubaya. Umri wa kuambukizwa una uzito mkubwa: kati ya watoto wachanga 100 wanaoambukizwa, wapatao 95 hubaki na maambukizi sugu, lakini kwa watu wazima ni chini ya 5. Ninawasihi wazazi wasiiache dozi ya kwanza ya chanjo, ambayo mtoto hupewa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa.

Kipimo cha HBsAg, yaani kipimo cha damu kinachotafuta protini ya ganda la kirusi cha B, kikiendelea kuonyesha kirusi baada ya miezi 6, maambukizi huhesabiwa kuwa sugu. Si kila mwenye hali hiyo huanzishiwa dawa mara moja, lakini kila mmoja anahitaji kufuatiliwa, kwa kuwa ini huweza kujaa makovu au kupata saratani bila maumivu yoyote ya kumwonya mwenyewe. Ninahudhuria kliniki hata ninapojisikia mzima, na dawa za mitishamba zinazosifiwa kusafisha ini siziruhusu kunikaribia, kwani baadhi yake hulidhuru ini lenyewe.

Aina ya C haina chanjo, lakini vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na kirusi, pekee hakitoshi, maana hata aliyekwisha kupona huonyesha kingamwili. Omba kipimo cha kirusi chenyewe. D humpata tu mwenye B, hivyo chanjo ya B hukinga zote mbili.

Kwa aliyepata majibu kama yangu, mwenzi na watoto wapimwe mapema, na wasio na maambukizi wala kinga wakamilishe dozi zote za chanjo, ambazo kwa mtu mzima kwa kawaida ni 3 katika kipindi cha miezi 6.