Dawa zinazosahaulika, mikono inayotetemeka na wakala mwenye haraka: majibu kwa wanafunzi wa uuguzi

Sista, shikamoo. Niko mwaka wa pili. Famakolojia, somo la dawa, naikariri usiku kucha, lakini nikikaa kwenye mtihani yote yanapotea. Nifanyeje? (Wa Likoni)

Marahaba mwanangu. Kukariri ndiko kunakokuponza. Chukua magnesiamu salfeti, dawa ambayo watahini hawachoki kuiuliza. Usianze na kipimo. Anza na mama mwenye kifafa cha mimba aliyelala mbele yako. Dawa inatuliza neva na misuli ili degedege lisirudi. Sasa jiulize: ikizidi, itatuliza nini kingine? Pumzi. Ndiyo maana kabla ya kurudia dozi unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti uone kama mguu bado unaruka. Unapima mkojo, usipungue mililita 30 kwa saa, kwa kuwa dawa hii hutolewa na figo. Figo zikilegea, dawa inajazana mwilini. Na kalsiamu glukoneti iwe karibu, ndiyo inayoipoza ikizidi. Hayo yote yametoka kwenye swali moja, hukuyakariri.

Ukishaelewa, funga daftari umweleze mtu kwa Kiswahili: shangazi anayekuna nazi, mdogo wako, yeyote. Pale ulimi unapokwama ndipo hujaelewa, basi fungua usome hapo tu. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki ijayo. Wewe unayevuka kila siku, muda wa kungojea feri unatosha dawa moja. Halafu ulale, mwanangu. Nimeona wanafunzi hodari wakianguka kwa sababu ya kukesha.

Hesabu za dripu zinanitisha. Kuna njia rahisi? (Wa Changamwe)

Mililita zidisha kwa matone ya mililita moja, gawanya kwa dakika. Lita moja kwa saa 8, kwa seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita: 1,000 mara 20 ni 20,000, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Kosa ninaloliona kila mara ni kusahau kugeuza saa kuwa dakika. Ukigawanya kwa 8 utapata 2,500, na hapo simama: nani ataweza kuhesabu matone 2,500 kwa dakika moja? Soma pia pakiti ya seti, maana si zote ni za matone 20.

Mtihani wa vitendo mikono hunitetemeka. (Wa Tudor)

Itatetemeka, na haikufelishi. Kinachofelisha ni kumsahau mgonjwa. Katika mtihani wangu nilisafisha kidonda vizuri kabisa, kisha mtahini akaniuliza, "Anaitwa nani?" Sikujua. Sikuwa nimemsalimia, sikuwa nimemuuliza jina, sikuwa nimemwambia nitakachofanya. Nilirudia mtihani ule, na nilistahili. Tangu siku hiyo huanza na salamu na jina, na nimegundua kwamba sekunde hizo chache ndizo zinazotuliza mikono.

Nimetoka Meru, Kiswahili cha wagonjwa wa hapa Mombasa chanipiga chenga. (Wa Tononoka)

Kaa na wakina mama wodini uwasikilize. "Nimeshikwa na uchungu" ni kujifungua kumeanza. "Chupa imepasuka" ni maji ya uzazi, na hapo uliza saa ngapi na yana rangi gani. "Naendesha" ni kuhara. Usipoelewa, uliza tena kwa adabu, hakuna atakayekasirika.

Nina leseni, mwaka mzima sina kazi. Wakala ataka 80,000 anipeleke Saudia, na pasipoti abaki nayo yeye. (Wa Kisauni)

Usitoe hata shilingi, na pasipoti usimwachie mtu. Mawakala halali husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mtafute huko kwanza. Kwa Uingereza, Kenya ilitia saini mkataba wa wauguzi mwaka 2021, lakini mitihani iko pale pale: wa kompyuta, wa vitendo, na wa Kiingereza. Ukifanya IELTS, mmoja wa mitihani hiyo ya Kiingereza, wanataka alama 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika.

Hapa nyumbani, tangu 2013 wauguzi wengi wa umma huajiriwa na kaunti. Wengi hungojea Mombasa tu. Fuatilia bodi za utumishi wa umma za Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu pia, kwani tangazo hukaa siku chache tu. Cheti cha mwenendo mwema na nakala za vyeti viwe tayari kwenye bahasha moja. Leseni isiishe muda. Wakati huo shika lokam, yaani kazi ya zamu za muda, kwenye kliniki, hata zamu mbili kwa wiki, uombe barua ya kuthibitisha ulichofanya.

Na huyo wakala, mwambie akutumie namba yake ya usajili kwa maandishi, uihakikishe kabla ya kumjibu lolote.