Acha Transista, Angalia Waya wa Kutuni

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii ni ya kelele za fezi (mtikisiko mdogo wa masafa unaosikika kama "shhh" pembeni ya wimbi) kwenye VCO, yaani osileta ambayo masafa yake hubadilishwa kwa volteji, na mengi yametoka kwa mafundi wanaojenga redio za mita mbili, 144 hadi 146 MHz. Ombi langu ni moja. Unapouliza, taja masafa, upana unaotuni, volteji ya kutuni, na rizista uliyoiweka kwenye varakta, ile diodi inayofanya kazi kama kapasita inayobadilishwa kwa volteji. Ukiandika tu "VCO yangu ina kelele, nifanyeje?" sina pa kukushikia. Mficha uchi hazai.

Shikamoo fundi. Nimejenga osileta ya Colpitts kwa transista ya J310. Inatuni kutoka 120 hadi 170 MHz kwa volti 0 hadi 5, na varakta naipa volteji kupitia rizista ya 100 kΩ. Mwenzangu aliye kilomita mbili kutoka kwangu anasema nikibonyeza kitufe, redio yake inajaa "shhh" hata akiwa chaneli ya tatu kutoka yangu. Ninunue transista gani? (Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Usinunue transista yoyote. J310 inakutosha kabisa. Nakushukuru kwa kuandika namba zote, kwa sababu jibu limo humo humo.

Umetandaza 50 MHz juu ya volti 5, kwa hiyo kila volti moja inasogeza masafa kwa 10 MHz. Sasa jua kwamba rizista ina kelele zake yenyewe, hata ikiwa imelala mezani haijaungwa na kitu, kwa sababu ya joto tu. Ya 100 kΩ inatoa kama 40 nV/√Hz. Utasema ni kidogo. Zidisha kwa 10 MHz kwa volti, masafa yako tayari yanatikisika kwa 0.4 Hz/√Hz. Gawanya kwa umbali wa 10 kHz, gawanya tena kwa kipeuo cha pili cha 2, geuza iwe desibeli: unapata kama -91 dBc/Hz, yaani desibeli 91 chini ya wimbi lenyewe kwa kila hezi moja. Hizo zimetoka kwenye rizista moja ya bei ya pipi. Transista bado hatujaihesabu, wala pawasaplai. Ungeweza kuweka transista bora kuliko zote duniani na mwenzako angeendelea kusikia "shhh" ile ile.

Fanya hivi. Kazi ya kushika masafa wape koili na kapasita isiyobadilika ya aina ya C0G, seramiki isiyoyumba kwa joto. Varakta iunge kupitia kapasita ndogo ya pikofaradi chache, isogeze masafa kidogo tu: 1 MHz kwa volti, kutoka volti 2 hadi 7. Hapo una 5 MHz nzima kwa bendi yenye upana wa 2 MHz, na nafasi inabaki kwa mabadiliko ya joto. Kushuka kutoka 10 MHz hadi 1 MHz kwa volti ni desibeli 20. Kisha ondoa 100 kΩ, weka 1 kΩ ikifuatana na koili ndogo ya 1 µH, ambayo kwa 145 MHz inazuia kwa kama ohm 900, ili mawimbi ya osileta yasivujie kwenye waya wa kutuni. Kelele za rizista hufuata kipeuo cha pili cha ohm zake, kwa hiyo mara 100 chini ni desibeli 20 nyingine. Jumla 40. Rizista imeshatoka kwenye kesi, na sasa ndipo inapofaa kuanza kuijadili transista.

Usianzie volti 0 tena. Volteji ya kutuni ikiwa chini, wimbi la osileta lenyewe linaifungua varakta, varakta inaanza kupitisha mkondo, na Q, yaani kipimo cha jinsi koili na kapasita zinavyotunza nishati bila kuipoteza, inaporomoka. Ukiweza, tumia varakta mbili katodi kwa katodi. Kila moja itabeba nusu ya wimbi, na upotoshaji wa moja unafuta sehemu ya upotoshaji wa nyingine.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu ugonjwa huu nauona kila mahali: kila mtu anataka VCO moja ipite bendi zote, ya FM, ya ndege na ya mita mbili, kwa kuzungusha kitufe kimoja. Upana huo unalipiwa kwa kelele. Angalia chipu ya kutengeneza masafa ya ADF4351. Ndani yake VCO zinafika kutoka 2.2 hadi 4.4 GHz, lakini waliounda hawakuzungusha varakta moja njia yote. Waliweka VCO tatu, kila moja na bendi 16 zinazopishana, jumla 48, makusudi ili kila volti isogeze masafa kidogo. Wenye kiwanda wamekubali kukata vipande 48. Wewe mwenye meza na pasi ya risasi kwa nini ung'ang'anie kipande kimoja?

Transista gani ina kelele ndogo zaidi kwa VCO? (Wasomaji watano, miji mitano)

Soma jibu la hapo juu. Ukishamaliza yote yale: kwa VHF tumia JFET kama J310 au baipola nzuri ya RF, usitumie MOSFET wala GaAs, kwa kuwa hizo zina kelele nyingi za masafa ya chini na osileta huzipandisha hadi karibu na wimbi lako. Kwenye baipola acha rizista ya ohm 10 hadi 30 kwenye emita bila kapasita ya kuipita. Inasaidia.

Osileta yangu inaanza 145.000 na baada ya dakika kumi iko 145.040. Hizi ndizo kelele za fezi? (Kisumu)

Hapana. Huko ni kuhama kwa sababu ya joto.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Kuna fomula moja inayoonyesha kila kitu kinachopunguza kelele? (Dar es Salaam)

Ipo, na inashangaza jinsi watu wanavyoikariri bila kuitumia. David Leeson aliiandika mwaka 1966. Inakuambia mambo machache. Kelele hushuka desibeli 20 kila unapoenda mara kumi mbali na wimbi, na karibu kabisa na wimbi, zinapotawala kelele za masafa ya chini za transista, hushuka 30. Ukiongeza nguvu ndani ya rizoneta (koili na kapasita zinazoshika masafa) mara mbili, unapata desibeli 3. Ukiongeza Q mara mbili, unapata 6. Kwa hiyo mtu mwenye akili anaanza na Q.

Lakini Q inayohesabiwa ni ile ya koili ikiwa imeshafungwa kwenye sakiti. Hapo ndipo wengi mnapoanguka. Unasokota koili nzuri ya waya mnene wa shaba, peke yake Q yake ni 200, halafu unaifunga transista moja kwa moja juu yake na mzigo wa antena juu ya transista, Q inabaki 10. Koili yako nzuri imekwenda bure. Transista iguse rizoneta kwa wepesi, kwa kapasita ndogo kabisa inayobakisha mtetemo unaoanza kila unapowasha. Kisha weka bafa, tena mbili kama una nafasi, ili mzigo usiivute osileta. Koili usiibane na ukuta wa kopo la kinga. Acha nafasi isiyopungua kipenyo cha koili yenyewe.

Kuhusu nguvu, usipandishe mpaka transista ijae. Wimbi linapokatwa upande mmoja kuliko mwingine, kelele za masafa ya chini hupata njia ya kupanda. Watafiti Hajimiri na Lee walilieleza hilo vizuri mwaka 1998: wimbi lenye ulinganifu wa kupanda na kushuka huzifungia nje. Leeson hakuonyeshi hilo, kwa hiyo soma wote.

Nina PLL, kitanzi kinachofunga masafa ya VCO kwenye kristali. Si inasafisha kila kitu yenyewe? Kwa nini nihangaike na VCO? (Mombasa)

Swali hili linanikera, si kwa sababu yako ndugu yangu, bali kwa sababu kuna wanaouza bodi za PLL huku wakiwaambia watu hivyo hivyo.

PLL hushika kelele zilizo ndani ya upana wa kitanzi chake tu. Nje ya hapo VCO iko huru. Ukitumia PLL ya zamani inayolinganisha kwa hatua ya 12.5 kHz, kitanzi hakiwezi kuzidi kama sehemu ya kumi ya hapo, yaani 1 kHz na kidogo. Jirani anayelalamika yuko 12.5 au 25 kHz kutoka kwako. PLL haifiki huko. Anachosikia ni VCO tupu.

Na ndani ya kitanzi nako si salama. 145 MHz ukigawanya kwa 12.5 kHz unapata 11,600, na kelele za kilinganishi cha fezi kilicho ndani ya PLL zinapandishwa kwa namba hiyo: desibeli 81. Ukibadilisha uende PLL ya mgawo wa sehemu (fractional-N), inayolinganisha kwa 10 MHz, mgawo unakuwa 14.5, desibeli 23 tu. Usishangilie desibeli zote 58 zilizopungua. Kilinganishi kinachofanya kazi kwa kasi huongeza kelele zake, na nusu ya faida inaliwa hapo. Inabaki kama 29. Hata hivyo 29 ni nyingi, na sasa unaweza kupanua kitanzi. Kipanue mpaka pale mstari wa kelele za PLL unapokutana na mstari wa VCO, usivuke. Anayepanua zaidi anachafua VCO yake nzuri kwa kelele za kilinganishi.

Nimepima VCO tatu tofauti kwa RTL-SDR, kile kipokezi cha bei nafuu cha USB, na zote zinaonyesha kelele sawasawa. Inawezekana? (Arusha)

Unapima kelele za RTL-SDR. Nayo ina osileta ndani, na ni chafu kuliko unachotaka kukiona. Tumia kipokezi chenye kristali nzuri, au azima spektramu analaiza chuoni, na kabla ya kuamini namba yoyote soma kelele za mashine yenyewe kwenye kitabu chake.

Redio naiendesha kwa chaja ya simu na moduli ya kushusha volteji ya LM2596. Nikitazama kwenye skrini naona miiba pande zote mbili za wimbi. VCO imekufa? (Nakuru)

Haijafa. LM2596 huwasha na kuzima kwa 150 kHz. Kama wimbi lako ni 145.000, miiba iko 144.850 na 145.150, sivyo? Hiyo ni pawasaplai inayoongea kupitia VCO. Na ukiongeza regyuleta ya 7805 mbele yake haitoshi, kwani kwa kasi hiyo 7805 haizuii sana.

Jaribio la kufanya kabla ya kununua chochote: endesha VCO kwa betri, na waya wa kutuni nao upe betri ya volti 9 yake peke yake kupitia potenshiometa, ukiutenga na sakiti nyingine. Miiba ikipotea, umempata mwizi. Kisha rudisha kimoja kimoja ujue anaingilia mlango upi. Dawa ya bei nafuu ni transista ya NPN, rizista ya 1 kΩ kutoka kolekta hadi besi, na kapasita ya 100 µF kutoka besi hadi ethi. Utapoteza chini ya volti moja na kupata chujio linaloanza kazi kwenye hezi mbili tu, ambalo linaua hata mvumo wa 100 Hz wa pawasaplai ya transfoma. Mwenye pesa anunue regyuleta kama LT3045, yenye kelele za mikrovolti 0.8 kutoka 10 Hz hadi 100 kHz. Lakini betri kwanza. Nawaona watu wananunua regyuleta ghali, kumbe kelele zinapita kwenye waya mrefu wa kutuni uliolazwa sambamba na waya wa chaja.

Nataka kuchukua VCO hii niipandishe 107.9 MHz nirushe muziki mtaani kwangu, wati 20. (hakutaja mji)

Sikusaidii, na naomba wasomaji wengine nao wasikusaidie. Bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au ya Communications Authority kwa walio Kenya, hilo ni kosa. Zaidi ya kosa, kuanzia 108 MHz kwenda juu ni masafa ya kuongozea ndege, yakiwemo ya kuilenga njia ya kutua. Osileta chafu ya wati 20 kwenye 107.9 inamwaga kelele zake humo. Rubani anayeshuka kwenye mawingu hana namna ya kujua kwamba ni wewe.

Redio yangu inalia "huuu" nikiongeza sauti, na lori likipita barabarani wimbi linatetemeka. Nimeshabadilisha varakta mara mbili. (Tanga)

Varakta haina hatia. Chukua bisibisi, gonga kopo la VCO kwa mpini huku ukisikiliza kwenye redio nyingine. Ukisikia mlio kama wa kengele, koili yako inacheza. Koili ya hewa ya mizunguko mitano ikitikisika hata kwa unene wa unywele, inabadilisha masafa. Na spika iliyo ndani ya boksi hilo hilo inaitikisa, sauti inarudi, ndiyo hiyo "huuu".

Niliwahi kukaa siku mbili nzima na ugonjwa kama wako. Koili nilikuwa nimeifunga vizuri, bado ikalia. Ilikuwa kapasita ya X7R kwenye chujio la waya wa kutuni. Seramiki ya aina hiyo ikitikiswa hutoa volteji, na mimi nilikuwa nimeiweka mahali pabaya kuliko pote. Nikaweka ya filamu, kimya.

Kwa hiyo toa X7R zote kwenye waya wa kutuni, weka filamu, na kwenye rizoneta C0G peke yake. Yeyusha nta ya nyuki, idondoshee juu ya koili mpaka mizunguko ishikane na bodi, iache ipoe, kisha tuni upya kwani masafa yatakuwa yameshuka kidogo. Spika itoe nje ya boksi, au ifunge juu ya vipande vya mpira wa tairi. Gonga tena kwa mpini. Ukisikia kimya, funga kopo.