Ghorofa la ofisi linapanda ubavuni kwangu: niuze au nibaki?

Swali: Nina nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita hapa Gerezani, Kariakoo, niliyoachiwa na marehemu baba. Kiwanja cha jirani kimeuzwa, tunaambiwa linakuja jengo la ghorofa 12 la ofisi. Madalali hawaniachi nipumzike. Huyu anasema thamani itapaa, yule anasema nyumba itapasuka. Nimwamini nani?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila la kupasuka halingoji, tuanze nalo.

Uliza kama jengo lina maegesho chini ya ardhi. Gerezani mko jirani na bahari na maji ya ardhini hayako mbali, kwa hiyo wakichimba kwenda chini watayavuta kwa pampu usiku na mchana. Maji hayo hayaondoki kwao tu. Yanahama pia kwenye mchanga ulio chini ya nyumba yako, udongo unashuka, na misingi yetu ya zamani inashuka nao. Nyufa huanzia pembe za madirisha. Kabla mashine haijaingia, piga picha kila ukuta, ziwe na tarehe, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, nakala umpe mkandarasi na yako aigonge muhuri. Bila hivyo utaambiwa nyufa zilikuwapo tangu enzi za babu yako. Soma pia bango la mradi: mkandarasi na mhandisi mshauri lazima wajulikane. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, hapo hapo mjini, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Sasa thamani. Anayenunua Kariakoo hanunui vyumba vyako sita, ananunua ardhi. Madalali hawakwambii kwamba jirani yako akishajenga peke yake, ule uwezekano wa kuunganisha viwanja viwili umekufa. Kiwanja kidogo kilichobanwa na ghorofa ni kigumu kuchorea jengo: ngazi, lifti na maegesho vinakimaliza. Angalia upande wa pili wa nyumba yako. Kama jirani wa huko bado hajauza, mkizungumza pamoja mna nguvu kuliko kila mtu na dalali wake.

Na biashara? Ghorofa moja ya mita za mraba 500 hubeba watu kama 50, kwa hiyo zote 12 ni watu 600, wengi watashuka mabasi ya mwendokasi pale Gerezani. Saa saba mchana watataka kula. Jumamosi jioni hutawaona. Lakini yote hayo yanategemea chini kuna nini: maduka yanayotazama barabara yataupa mtaa uhai, ukuta na geti la magari vitaua hata genge lililopo. Mwombe msanifu akuonyeshe ramani ya ghorofa ya chini. Mimi huanzia hapo, urefu hunishughulisha baadaye. Vyumba vyako wafanyakazi wa ofisi hawatapanga. Wafanyabiashara wanaotafuta stoo watapanga, na hulipa vizuri.

Kodi ya majengo isikutishe. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU kwa kiwango maalumu, haipandi kwa sababu jirani kajenga.

Jambo la mwisho: umesema nyumba ni ya urithi. Hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu, na mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi, usipokee hata shilingi ya dalali.