Barua imeyeyuka, na kompyuta inalia tik-tik

SWALI: Fundi, salamu. Nina kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Malaba, karibu na mpaka. Juzi umeme ulikatika nikiwa ukurasa wa tatu wa barua ya mteja. Uliporudi, barua hakuna, ila kazi za mwezi uliopita zipo zote. Kwa nini? Tena siku hizi kompyuta inalia tik-tik ndani. Mwanangu anasema nizime, niwashe tena. – Mama Kopi, Malaba

JIBU: Salamu nimepokea, dada. Nianze na hiyo tik-tik, ndiyo inayonitisha. Usimsikilize mtoto. Kama kompyuta bado inafunguka, tafuta flashi leo hii, nakili kazi za wateja kwanza, kisha izime na uiache hivyo.

Inatoka kwenye diski, mahali kompyuta inapohifadhi kazi zako. Ndani yake mna sahani zinazong'aa kama kioo. Ninayo moja ya diski iliyokufa hapa mezani kwangu Kampala, najitazamia nikinyoa ndevu. Sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, mfano wa sindano ya santuri, ila hiki hakigusi. Huelea juu ya upepo wa sahani yenyewe, kwenye pengo ambalo unywele mmoja unalizidi unene mara maelfu. Kazi zako zimeandikwa pale kwa sumaku, ndiyo maana umeme ukatike usikatike, zipo. Tik-tik mara nyingi ni kile kichwa kinatafuta mahali pake, kinakosa, kinarudi kuanza upya. Kikishuka kikakwaruza sahani, palipokwaruzwa hakuna fundi wa kuparudisha.

Yalinipata mimi mwenyewe. Nilitia laptopu begini bila kuizima, nikapanda boda Wandegeya. Shimo la kwanza tulilikwepa, la pili tukaingia. Jioni ikaanza kulia, nami nikawa naizima na kuiwasha, mara saba, kama mtu anayembembeleza mtoto. Picha za harusi ya dada yangu ndizo zilizokwenda.

Barua yako ilikuwa bado kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM hushika kitu pale tu umeme unapopita. Haikuwa imefika kwenye diski. Kabla hujaizima, fungua Word uone kama imekuletea nakala ya kuokolea. Isipokuwepo, chapa upya, na safari hii bonyeza Ctrl na S kila ukimaliza aya.

Ukibadilisha diski, nunua ya aina ya SSD. Haina kinachozunguka, kazi hukaa kama chaji iliyofungiwa ndani ya vijumba vidogo mno, kwa hiyo shimo la barabarani haliitishi sana. Ubaya wake, ikifa huenda isilie hata mara moja, basi ile flashi usiitupe. Na ukinunua ya GB 500, Windows itakuonyesha 465. Usigombane na muuzaji, hajakupunja: kila hatua ya kupanda hadi GB, kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.