Uliza Makanika: Mjini iko poa, mlimani inachemsha

SWALI: Salamu makanika. Niko Mbale, naendesha Toyota HiAce ya 1996, dizeli yenye injini ya aina ya 3L, nabeba abiria na mizigo yao kupanda Kapchorwa. Hapa mjini mshale wa temprecha haunisumbui, lakini nikishaiacha Sironko nikaanza kupanda kuelekea Sipi unapanda mpaka karibu na nyekundu, nikisimama kidogo unarudi. Fundi mmoja akatoa themostati, ile valvu ya maji inayofunguka kwa joto, akasema nchi yetu ya joto haiitaji hicho kitu, ikazidi kuwa mbaya. Sasa mwingine ananiambia nitafute injini nyingine. Nifanyeje? – Dereva, Mbale

JIBU: Ndugu yangu, pesa ya injini iache kwanza mfukoni. Umenipa dalili nzuri sana na hao mafundi wako hawakuisikiliza, kwamba gari inachemsha mlimani tu, mjini hapana. Gari inayochemsha ikiwa kwa jamu na kupoa ikikimbia, shida yake mara nyingi ni feni. Inayochemsha kwa mlima na mzigo, mara nyingi maji hayapiti vizuri kwenye rejeta, kile kipoza maji cha mbele, maana pale injini inatoa joto jingi na rejeta iliyoziba nusu inashindwa kulitoa, wakati mjini ile nusu iliyobaki inatosha.

Kwa hiyo anza na rejeta. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko, chungulia ndani na tochi. Ukiona vile vijitundu vya bomba vimeshika ukoko mweupe au kutu ya rangi ya udongo basi umeipata, na kama umekuwa ukijaza maji ya bohoo (kisima cha kuchimba) miaka yote sishangai, yale maji yana chumvi chumvi nyingi inayoganda mle ndani. HiAce nyingi za miaka hiyo zina rejeta ya shaba, hiyo fundi wa rejeta anaifungua juu na chini, anapitisha vyuma bomba kwa bomba kisha anaichomelea tena. Usikubali wakumwagie dawa tu halafu wakwambie imezibuka. Angalia na nje pia, mbegu za majani na matope hujaa kwenye yale mapezi, yaoshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Themostati irudishe, tena hapa nasema kwa uchungu kwa sababu kila gereji kuna mtu anaitupa. Kwenye dizeli za Toyota kama yako themostati inafanya kazi mbili. Ikipata joto inafungua njia ya kwenda rejeta, na wakati huo huo kile kisahani chake cha chini kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inazunguka mle mle tu, ndiyo maana yako ilizidi. Nunua mpya, na kabla hujaifunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni ukiining'iniza na uzi isiguse chini. Imepigwa namba, mara nyingi 82, hiyo ndiyo digrii inapoanza kufunguka. Utaiona inajisukuma polepole. Ukiitoa kwenye moto ikapoa inatakiwa ijifunge yenyewe kabisa, ikibaki wazi hata kidogo rudisha dukani.

Halafu kifuniko cha rejeta, watu wanakidharau sana. Maji matupu hapo Mbale yanachemka kwenye digrii 96 hivi, ukifika Sipi ni karibu 94 kwa sababu ya urefu wa mlima. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha inayoshikwa na kile kifuniko. Raba yake ikipasuka au springi ikilegea maji yanachemka na kumwagika wakati injini haijafika hata kwenye hatari. Kipya ni bei ndogo, nunua chenye namba sawa na ya zamani, usichukue cha presha kubwa zaidi ukidhani kitasaidia, kinaweza kupasua hozi. Na ukipata kulanti ya kweli, ile dawa ya maji ya rejeta, changanya nusu kwa nusu na maji safi, inazuia kutu na inachelewa kuchemka.

Feni yako inaendeshwa na mkanda na ina klachi ya mafuta katikati. Injini ikiwa imezimwa na baridi izungushe kwa mkono, ikizunguka yenyewe raundi kadhaa bila ukinzani klachi imekufa. Ukiona grisi imerukia katikati yake pamoja na vumbi, jibu ni hilo hilo. Na mlimani usilazimishe gia kubwa injini ikiguna, shusha gia, feni na pampu ya maji zizunguke haraka.

Hayo yote yakishindikana ndiyo uogope gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Washa injini ya baridi kifuniko kikiwa wazi, mtu akanyage mafuta kidogo kidogo, mapovu yakija bila kukoma ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hozi ya juu ikiwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usipande tena Kapchorwa na abiria, peleka hedi ikapimwe ufa na kusawazishwa.

Na njiani ikichemsha nakuomba usifungue kifuniko cha moto, mvuke ule unachoma uso, wala usimwagie injini maji baridi, hedi inaweza kupasuka pale pale.

SWALI: Mimi nina Corolla Kikumi (ile ya 100) hapa Kampala, inachemsha kwenye jamu ya Jinja Road tu, ikianza kukimbia inapoa. – Msomaji, Kireka

JIBU: Dada au kaka, hiyo ni feni, yako ni ya umeme. Fungua boneti injini ikiwa ya moto, kama feni imesimama cheki fyuzi kwanza. Ikiwa nzima, zima suichi ya ufunguo, chomoa waya wa ile swichi ya joto ya feni kisha washa suichi ya ufunguo tena bila kuwasha injini, mkono uwe mbali na mapanga. Toyota nyingi za enzi hizo feni inazunguka ukichomoa. Ikizunguka, badilisha hiyo swichi ya joto. Isipozunguka jaribu rilei nyingine, kisha ipe mota ya feni umeme moja kwa moja kutoka betri, ikikataa hapo tafuta mota soko la spea la Kisekka, na uhakikishe wanaijaribu mbele yako kabla hujatoa pesa.