Kitufe cha Hifadhi kilichonigharimu laki nne

Juzi usiku kijana mmoja wa Dodoma ameniandikia: "Kaka, za jioni. Leo siku ya tatu nasoma nyaraka za wxWidgets, kichwa kinauma. Mifano nimeifungua, imejaa vitu nisivyovihitaji. Nianzie wapi?"

Nilimjibu kwa ufupi maana nilikuwa safarini, lakini swali lake halikuniacha nilale. wxWidgets ni maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari, wa kujengea madirisha na vitufe vya programu ya kompyuta, na mifano yake ni programu ndogondogo zinazokuja nayo. Najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnataka ninachokitaka mimi: uandike programu ya kompyuta mara moja, iwake kwenye Windows na kwenye Linux, uiuze, na mwenye duka aitumie hata siku mtandao umekatika. Basi ngoja niwaambie yaliyonipata, kwa sababu kilichomkwamisha kijana huyu mimi nilikilipia.

Mwaka 2019 nilipata kazi yangu ya kwanza ya maana. Mzee mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi alitaka programu ya stoo na mauzo. Tulikubaliana laki nane, nusu mbele. Alinihesabia laki nne mkononi, noti za elfu kumi kumi, nikatoka pale nikijiona nimeshafika. Nilichagua wxWidgets kwa sababu nilijua Audacity, FileZilla na KiCad zimejengwa juu yake. Ni maktaba ya siku nyingi: Julian Smart aliianzisha mwaka 1992 akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, ikaitwa wxWindows mpaka 2004 ilipobadilishwa jina. Kitu kilichodumu hivyo, nikajiambia, hakiwezi kuniangusha.

Na kweli, si chenyewe kilichoniangusha. Nilichukua mfano mmoja tu, ule unaoitwa minimal, nikafuta dirisha la "About", nikaanza kurundika vitu vyangu humo. Mifano mingine sikuifungua. Kwenye nyaraka, sura inayoeleza saiza, yaani vipangaji vya vitu ndani ya dirisha, niliiona nikaipita. Niliona kuna njia ya mkato: unakipa kila kitufe wxPoint yake, namba mbili za mahali pake, basi. Kitufe cha Hifadhi nilikiweka pikseli 742 kutoka juu. Kwenye skrini yangu kubwa, juu ya Linux, kila kitu kilikaa kama kimepigwa rula.

Siku ya kukabidhi nikaiwasha kwenye kompyuta ya dukani. Windows, skrini ya 1366 kwa 768, na karani alikuwa amekuza herufi kwa sababu ya macho. Lebo ya "Bei ya jumla" ilikatwa ikabaki "Bei ya ju". Visanduku viwili vilipandana. Kitufe cha Hifadhi hakikuwepo, kilikuwa kimezama chini ya skrini. Nikashika kona ya dirisha nikavuta. Dirisha likatanuka, vitu vikabaki palepale vimeganda. Nikasema tuachane na hilo kwanza, niwaonyeshe kuingiza orodha ya bidhaa. Faili lilikuwa na mistari kama elfu kumi na nne, nami nilikuwa najaza wxGrid, yaani jedwali la wxWidgets, seli moja baada ya nyingine kwenye thredi (mkondo wa kazi) ileile inayoendesha dirisha. Dirisha likawa jeupe. Windows ikaandika kwamba programu haijibu.

Mzee akaniuliza mbele ya vijana wake: "Sasa kijana, hii ni programu au picha ya programu?" Wakacheka. Nilirudisha zile laki nne kwa awamu tatu, na ya mwisho nilikopa. Hadi leo nikipita barabara ile huvuka upande wa pili.

Miezi iliyofuata siisimulii. Niseme tu kwamba nilirudi kwenye folda ya samples, ile ya mifano, nikiwa sina kazi wala haraka, na ndipo nilipogundua kwamba majibu yangu yote mawili yalikuwa ndani ya laptopu yangu tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeyapakua kwa bando langu mwenyewe.

Sikilizeni hili la wxGrid. Kuna mfano unaoitwa grid. Ukiukompaili, yaani ukiugeuza msimbo wake kuwa programu inayowaka, ndani yake mna jaribio la jedwali kubwa: linakuuliza ukubwa, na tayari limekuwekea 10000. Ukikubali, linafungua jedwali la safu elfu kumi kwa nguzo elfu kumi, yaani seli milioni mia moja, na linafunguka papo hapo. Nilikaa nikalitazama kama mtu aliyeona maji yanapanda mlima. Kumbe hakuna aliyejaza seli hata moja. Kuna darasa dogo, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake, limerithi wxGridTableBase, na gridi inaliuliza tu, "seli hii ina nini?", kwa zile seli zinazoonekana kwenye skrini wakati huo. Mimi nilikuwa nabeba mchanga wote wa ufukweni wakati mteja anataka kuona kiganja kimoja. Na ukiwa na kazi ndefu ya kweli, kama kusoma faili kubwa, kuna mfano unaitwa thread unaoonyesha kazi inakwenda kwenye thredi ya pembeni, na thredi hiyo haigusi dirisha hata kidogo. Inatuma tukio, yaani ujumbe, kwa kutumia wxQueueEvent, na thredi kuu ndiyo inayochora. Nyaraka za wxThread zimelionya hilo waziwazi. Nilikuwa sijazisoma.

Ya saiza ni hivyohivyo. wxWidgets haichori vitufe vyake yenyewe, inaazima vya mfumo: kwenye Windows ni vya Windows, kwenye Linux ni vya GTK, maktaba ya madirisha ya huko, kwenye Mac ni vya Apple. Kwa hiyo upana wa kitufe na urefu wa herufi hubadilika unapohama mfumo, na namba zako za wxPoint zinakuwa uongo. Saiza ndiyo inayouliza kila kitu kinahitaji nafasi gani, kisha inagawa. Fungua mfano wa layout, vuta kona ya dirisha uone nani anatanuka na nani anabaki. Kisha nenda kwenye msimbo, mahali saiza inapoambiwa kitu kitanuke, palipoandikwa 1 weka 0, ondoa wxEXPAND, kompaili tena, vuta tena kona. Dakika kumi za hapo zilinifundisha kuliko wiki nzima ya kutazama video.

Ushauri wangu ndio huo, na nitaurudia mpaka mnichoke: mfano hausomwi kwa macho, mfano unavunjwa. Ule minimal ni faili moja fupi. Fanya OnInit, sehemu inayoitwa programu inapowaka, irudishe false uone kinachotokea. Futa mstari wa Show, ule unaoonyesha dirisha. Usiongeze chako kabla hujajua cha mwenzako kinasimamaje. Vunja, kompaili, tazama, rudisha.

Na nyaraka zisomwe zikiwa kando ya mfano, si kama riwaya. Ukikutana na wxBoxSizer, saiza mojawapo, kwenye mfano, ndipo unafungua ukurasa wa wxBoxSizer. Jambo linalowatesa wengi, na lilinitesa mimi, ni kwamba unatafuta kitu kwenye ukurasa wa darasa hukioni, unadhani hakipo. Kumbe kimeelezwa kwa mzazi wake, darasa linalorithiwa. Unatafuta Hide, ya kuficha kitufe, kwenye wxButton? Iko kwenye wxWindow. Bind, ya kuunganisha tukio na msimbo wako, iko kwenye wxEvtHandler. Kila ukurasa una mchoro wa ukoo juu, panda nao. Kwenye ukurasa huohuo wameandika pia faili gani la kichwa (header) la kuingiza na darasa liko maktaba ipi, maana wxStyledTextCtrl, kisanduku cha kuhariri maandishi, kwa mfano, haimo kwenye maktaba ya msingi. Usipoiunganisha utapata makosa ya kulinki mpaka asubuhi. Pakua nyaraka zote mara moja, zipo za HTML, uziweke kwenye diski. Hapo bando likiisha, kazi haisimami.

Ndugu zangu, tuache kazi ya kuokota vipande vya msimbo kwa watu tusiowajua, vya toleo tusilolijua, halafu tunamkabidhi mteja tukiwa hatuwezi kumweleza kitu. Walioandika mifano ile ndio walioandika maktaba. Wamekaa wakakuandalia, bure, na leseni yao inakuruhusu uuze programu yako bila kutoa msimbo wako. Halafu wewe hujafungua hata folda tatu. Mtu anajiita mtaalamu na hajui mfano wa printing upo! Mwenye duka hakupi fedha ya kujifunzia, anakupa fedha ya duka lake. Heshimu fedha hiyo.

Mwezi uliopita nimefunga programu ileile, iliyoandikwa upya yote, kwenye duka la tatu, la dawa za mifugo, Moshi. Karani wao ni mama wa makamo. Sikumwelekeza chochote, alishika kona ya dirisha mwenyewe akalivuta likawa dogo, akalivuta likawa kubwa, na kitufe cha Hifadhi kikamfuata kila alikokwenda. Akaniangalia akasema, "Hiki kimekaa vizuri." Nilitoka nje kidogo.

Kijana wa Dodoma nilimpa kazi moja tu: minimal, OnInit, false. Leo alfajiri ameniandikia kwamba programu inawaka na kuzima hapohapo bila dirisha, na amemaliza ukurasa wa wxApp wote hajaona kwa nini. Nimemwambia apande ngazi moja, kwa mzazi wake, wxAppConsole, kisha aniandikie mwenyewe alichokikuta.