Maswali ya kumbi: Boma, Azimio, ndafu na mlima

Wiki hii karibu wote mmeuliza kumbi za mjini kati, yale majengo ya zamani kuanzia mnara wa saa mpaka Kaloleni. Twende.

Anti, ukumbi wa watu 300 Arusha mjini ni bei gani? (Sakina)

Tarehe hujasema, Jumamosi au katikati ya wiki hujasema, na chakula au bila hujasema. Nimeshaomba hapa mara nyingi jamani, leteni hivyo vitatu kwanza.

Shikamoo anti. Mdogo wangu send-off yake ni Aprili, anataka ifanyike nje pale Boma la zamani kwa sababu ya picha. Kamati imegawanyika. (Njiro)

Marahaba mwanangu. Mimi niko na wale wanaokataa, na sababu ya kwanza ni Aprili yenyewe. Hiyo ni masika, na Arusha masika haina utani, mtakodi tenti sawa, ila chini ni majani yaliyolowa na wamama wamevaa visigino vyembamba, kila hatua kiatu kinazama, shangazi zake bwana harusi wanaingia wameshikana mikono wasianguke. Kama tarehe inaweza kusogea, pelekeni Septemba.

Mkibaki na msimamo, pale ni makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo ni barua ofisini, jibu la maandishi na risiti, msimpe hela mtu aliyewaambia "mimi nitawafanyia mpango". Halafu mpambaji wenu mkalisheni chini mapema. Nimeshamwona mpambaji kwenye jengo moja la zamani anagonga msumari kwenye fremu ya mlango, mbao ya miaka na miaka, ili aning'inize kitambaa, na kamati nzima imesimama inaangalia! Hata gundi ya karatasi ukiibandua inaondoka na plasta. Mwambieni aje na fremu zake za kusimama, asiguse ukuta.

Na mwambieni bibi harusi kuta zile ni za nini. Ile ilikuwa ngome ya Wajerumani, ina zaidi ya miaka 120, na Waarusha na Wameru ndio walioshurutishwa kuijenga. Sisemi msipige picha, nasema mjue mmesimama wapi.

Parking karibu na mnara wa saa ikoje Jumamosi? (Sinoni)

Ya wageni 200 haipo. Kodini Coaster mbili zikusanye watu sehemu moja.

Tunaweza kufanya bethidei ya baba miaka 70 kwenye jengo la Azimio? (Kaloleni)

Kaulizeni ofisini kwao, ila ushauri wangu ni hapana. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha, na ni makumbusho tangu 1977. Kongamano la wanafunzi, uzinduzi wa kitabu, mdahalo, hivyo vinapafaa kabisa na natamani vingekuwa vingi. Keki na spika za DJ tafutieni ukumbi wa kawaida. Ila mzee wa miaka 70 mpelekeni asubuhi akatembee mle ndani na wajukuu, awaelezee mwenyewe.

Ukumbi umetukatalia kuchoma ndafu (mbuzi mzima) uani. Ni haki? (Ngaramtoni)

Haki yao. Paa za zamani nyingi zina mbao kavu chini ya bati, cheche moja tu. Ndafu ichomwe nyumbani, ije imeshapambwa, na MC aambiwe muda halisi isije ikaingia baridi.

Harusi yetu ni Moshi, sherehe saa nane mchana, wanatutoza nyongeza kwa sababu ukumbi "unaangalia mlima". Tulipe? (Majengo, Moshi)

Hivi na nyie wa Moshi mnaniuliza hili? Saa nane mara nyingi mlima umeshajifunika, mtalipia mawingu. Nendeni mkaone ukumbi saa ileile ya sherehe, siyo asubuhi anayowapangia meneja, na mkiwa pale muulizeni fundi umeme wao, siyo meneja, kama nyaya zinabeba spika, taa na majiko ya keteringi kwa pamoja. Akisitasita, hiyo hela ya mlima kodini jenereta. Picha za Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, pigeni jioni kuelekea saa kumi na mbili, wingu likikubali kufunguka, na pale barabarani ni bure.